Kabla ya Kununua Yaka, Jua Uko Ngazi Gani

Watu wa Kasese, Uganda, wana lalamiko la siku zote: mito ni yetu, lakini umeme ni ghali. Mto Mubuku unateremka kutoka Rwenzori na kuzungusha mitambo ya kituo cha Bugoye, megawati 13 tangu mwaka 2009, na karibu na Bwera mto Lubilia nao una kituo chake. Ila umeme huo huingia kwanza kwenye gridi ya taifa, na mteja wa shirika la usambazaji, UEDCL, aliye Bwera hulipa bei ile ile anayolipa wa Kampala. Kukaa karibu na maporomoko hakumpunguzii mtu hata shilingi. Kinachompunguzia ni kujua bei yenyewe ilivyopangwa.

UEDCL ilipopokea usambazaji kutoka kwa kampuni ya Umeme, Aprili 2025, ngazi za mteja wa nyumbani zilikuwa hivi. Yuniti 15 za kwanza kila mwezi ni shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 bei inaruka hadi 756. Ukifika ya 81 inashuka tena hadi 412, na inabaki hapo mpaka ya 150, ili watu wavutike kupika kwa umeme. Ukipita 150 unarudi kwenye 756. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18 na ada ya huduma ya kila mwezi. Mamlaka ya udhibiti, ERA, hupitia bei hizi kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo risiti yako ya mwisho ndiyo ya kuaminiwa. Hesabu zote zinazofuata ni kabla ya VAT na ada.

Kumbuka kwamba ngazi ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, hufuata yuniti ulizonunua mwezi huo, si ulizotumia. Hapa ndipo pesa hupotea bila kelele. Chukua mtu wa nyumba ndogo anayetumia yuniti 30 kwa mwezi. Akinunua mwezi kwa mwezi, miezi miwili inamgharimu 30,180. Akinunua 60 kwa mkupuo ili asisumbuke, analipa 37,770, kwa sababu zile 15 za bei nafuu za mwezi wa pili zimempita. Vivyo hivyo, Yaka ikikuishia tarehe 29, nunua kidogo tu cha kukuvusha. Tarehe mosi ngazi inaanza upya.

Kwa nyumba kubwa kidogo mambo yanageuka. Anayetumia 50 kwa mwezi, miezi mitatu inamfikisha 90,630 akinunua kila mwezi. Akinunua zote 150 siku moja, analipa 81,730, maana 70 kati ya hizo zimeangukia kwenye 412. Akiba ni karibu 8,900. Ni pesa ya kuokota kwa mwenye akiba mkononi, lakini si ya kukopea SACCO: riba itaimeza yote.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Usibahatishe kipi kinakula umeme, iulize mita. Ina kitaa chekundu kinachopepesa, na juu yake imeandikwa idadi ya mipepeso inayotimiza yuniti moja, mara nyingi 1,000. Zima kila kitu, kisha chomeka pasi peke yake na uhesabu kwa dakika moja inapokuwa inapasha. Ukipata mipepeso 20, pasi hiyo inakula yuniti 1.2 kwa saa, zaidi ya shilingi 900 ukiwa ngazi ya 756. Redio na simu hutaona hata zikitikisa kitaa. Kitu chochote kinachotoa joto ndicho mlaji. Na kama umezima vyote na kitaa bado kinapepesa, ama waya zinavuja ama kuna jirani kajiunganishia. Ita fundi.

Kwa maharagwe, koili ya wazi ni hasara tupu. Ya wati 1,000 ikiwaka saa mbili imekula yuniti mbili, kama shilingi 1,500 kwenye ngazi ya 756. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharagwe yale yale kwa chini ya nusu yuniti. Aliyekwisha kuvuka yuniti 80 anayapika kwa kama shilingi 200, na hapo makaa hayamwezi.

Balbu ya zamani ya wati 60 iliyoachwa ikiwaka nje usiku kucha, saa 12, hula yuniti 21.6 kwa mwezi. Zile 15 za bei nafuu zimekwisha na hujawasha hata taa ya chumbani. LED ya wati 9 hula 3.2. Friji nayo, kwa joto la Kasese mjini, isibanwe ukutani. Iache ipumue nyuma. Funga mlango wake juu ya noti ya 1,000, kisha uivute. Ikitoka bila kubishana, mpira umechoka na baridi inatoroka mchana na usiku. Kubadilisha mpira ni nafuu kuliko kuilisha friji namna hiyo.

Wapangaji wa mizigo, yaani vile vyumba vya kupanga vya safu moja, wana shida nyingine. Vyumba vinne kwenye mita moja, kila kimoja kikitumia yuniti 15, vinagawana ngazi ya 250 mara moja tu: jumla 37,770, yaani kama 9,400 kwa chumba. Mwenye mita yake angelipa 3,750, na hata ukijumlisha ada ya huduma bado ni nafuu. Kuomba mita kunahitaji cheti cha nyaya kutoka kwa fundi mwenye leseni ya ERA na kibali cha mwenye nyumba. Mwombe fundi huyo akuonyeshe leseni kabla hujampa hata pesa ya kwanza.