Kujifunza Linux kwa Kuharibu Seva

Katika ofisi moja nilikoalikwa kuwafundisha mafundi wa kompyuta, nilionyeshwa seva iliyofungiwa katika chumba kidogo. Iliendeshwa kwa Linux, na aliyeitengeneza alikwisha kuhama. Waliobaki walikuwa hodari katika kazi nyingine, lakini seva hiyo hawakuthubutu kuigusa. Nami nilianza vibaya: kwa siku mbili niliwahutubia juu ya historia ya mfumo huo, tangu Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Waliandika yote, hofu haikupungua.

Siku ya tatu tuliiacha mihadhara. Tulichukua kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, tukaiwekea Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux yanayopatikana bure, pamoja na Apache, programu inayowapelekea kurasa waziombao kwa njia ya mtandao. Haikuwa na data ya mtu yeyote, na jaribio la namna hii lisifanywe pasipo sharti hilo.

Kila faili katika Linux lina namba ya ruhusa yenye tarakimu tatu: ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kikundi chake, ya tatu ya watu wengine. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, nazo hujumlishwa. Ukurasa wetu ulikuwa mali ya msimamizi mkuu, aitwaye root, kwa ruhusa 644. Kwa amri ya chmod niliigeuza iwe 600.

Mara ukurasa ukakataa kufunguka, ikatokea namba 403, yaani ombi limefahamika lakini limekatazwa. Fundi mmoja akaingia kwa jina la root, akalisoma faili bila taabu, akatangaza kwamba hapana kosa. Hapa naomba msomaji atue kidogo. Root hazuiwi na ruhusa hizo. Apache, katika Debian, huwahudumia wageni kwa jina jingine, www-data, ambalo kwa faili hili lilihesabiwa miongoni mwa watu wengine. Fungu lake lilikuwa 0. Fundi wetu aliujaribu mlango kwa ufunguo ambao mgeni hana.

Nikawaelekeza kwenye daftari la makosa, /var/log/apache2/error.log. Mstari wa mwisho ulitaja saa, jina la faili na sababu: ruhusa imekataliwa. Yuko aliyependekeza 777. Ukurasa ungefunguka, ndiyo, lakini yeyote aliyeweza kuitawala Apache angeweza pia kuuandika upya. Wakarudisha 644.

Kesho yake tuliijaza diski makusudi. Wakafuta faili kubwa, na nafasi isirudi, kwa kuwa programu moja ilikuwa bado imelishika wazi. Ilipozimwa, nafasi ikarudi. Mwalimu mwenye kompyuta moja iliyostaafu aweza kuyarudia yote haya darasani.

Siku ya tano mafundi wenyewe waliomba ufunguo wa kile chumba. Walisoma daftari la seva, wakakuta diski i karibu kujaa. Hawakufuta kitu. Kwanza walinakili mafaili yote katika diski nyingine, kisha wakajaribu kama nakala inafunguka.