Dondoo muhimu: Geuza kopo kabla ya kupaka

Losheni, wanja, sabuni, hata dawa ya meno ni vipodozi: husafisha, hunukisha au hupamba. Krimu ikidai kutibu fangasi, hiyo ni dawa. Nchini Tanzania, tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS). Dawa zimebaki chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Soma viambato. “Mercury”, “Hg” au “calomel” ni zebaki, inayodhuru figo. “Hydroquinone” imepigwa marufuku katika vipodozi. “Clobetasol” ni steroidi: huifanya ngozi iwe nyembamba, na ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kununua kwa machinga. Kopo lisiloorodhesha viambato liache hapo hapo, muuzaji aape atakavyo. Mkorogo wa saluni je? Huo hauna hata lebo ya kusoma. Ngozi ikiwasha au kubabuka, acha kupaka, nenda kituo cha afya na kopo lenyewe.