Kisu cha Kukunja: Umbo Lake, Kazi Yake na Sheria ya Uingereza

Katika maduka ya vifaa vya kambi na uvuvi nchini Uingereza, visu vya kukunja hukaa ndani ya kabati la kioo, na macho ya mnunuzi hukimbilia ncha. Swali la kijana anayeogopa kurudi nyumbani usiku huwa moja: bapa gani linafaa kujilinda?

Jibu halitamfurahisha. Karibu kila umbo lililomo kabatini lilibuniwa kwa ajili ya kazi. Lenye makali yaliyonyooka na ncha butu lilipendwa na mabaharia, kwani mtu alikata kamba chombo kikiyumba bila kujichoma wala kumchoma mwenzake. Bapa ambalo mgongo wake huteremka taratibu hadi kwenye ncha ni la wawindaji, na fundi Mmarekani Bob Loveless ndiye aliyelipa umaarufu. Huchuna ngozi bila kutoboa matumbo ya mnyama. Lililomegwa mgongoni karibu na ncha hutoboa vizuri, ila ncha yake nyembamba huvunjika ikipindwa. Lililopinda kama mdomo wa mwewe hukata zulia na matawi ya bustani.

Udhaifu mkubwa wa visu hivi uko kwenye bawaba. Kisu cha jadi hushikiliwa wazi na springi ya mgongoni tu. Ncha ikigonga kitu kigumu, bapa hujikunja na makali hutua juu ya vidole vya aliyekishika. Kampuni ya Kifaransa ya Opinel, iliyoanza kutengeneza visu mwaka 1890, iliongeza pete ya chuma shingoni mwa mpini mwaka 1955: ukiizungusha, bapa halirudi.

Pete hiyohiyo ndiyo humtia mtu matatani barabarani. Kwa sheria ya mwaka 1988, England na Wales mtu anaruhusiwa kutembea na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, bila kutoa sababu. Mahakama zikaamua kwamba kisu kinachojifunga wazi hakimo katika ruhusa hiyo, hata kiwe kidogo namna gani. Kwa hiyo kisu kinachoruhusiwa ni kilekile chepesi kumkata mwenyewe.

Na ruhusa yenyewe ina mpaka. Sheria ya mwaka 1953 hutazama nia: kisu halali cha inchi 3 kikibebwa ili kimdhuru mtu, hata kwa kujihami, kinahesabiwa kuwa silaha. Fundi wa zulia akitoka kazini anacho cha kueleza. Anayesema “nilikuwa naogopa” kwa kawaida hana. Adhabu hufika miaka 4 jela.

Umbo lina uzito kisheria kwa aina chache. Visu vinavyofyatuka wazi kwa springi vilipigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa mwaka 1959. Tarehe 24 Septemba 2024 zikafuata panga za mtindo wa “zombi” na visu virefu vya mtindo huohuo, ambavyo haviruhusiwi hata nyumbani.

Mtu akichomwa, piga 999 na ukandamize jeraha kwa nguvu kwa kitambaa chochote. Kisu kikiwa bado mwilini kisichomolewe. Kandamiza pande zote mbili za bapa hadi gari la wagonjwa lifike.