Mashini ya mpunga na masikio ya mashinisti



Mavuno ya mpunga ikifika, mashini za kukoboa kando ya barabara ya Buta, ya Ituri na kule Lubunga zinawaka asubuhi na mapema, zinazimwa giza ikiingia. Makelele ile tunaipenda, maana ni franka zinaingia. Lakini katika hangari moja tuliyotembelea, mashinisti wa koperative, mwenye miaka zaidi ya kumi katika kazi ile, alikuwa anatujibu mambo ambayo hatukumwuliza. Bibi yake alituambia: nyumbani redio iko juu sana, na usiku baba analalamika juu ya filimbi ndani ya kichwa. Msimu uliopita mkanda wa moteri ulikamata kitambaa cha mama mmoja. Watu wakalia "Zima! Zima!" Yeye alikuwa amegeuza mgongo, hakusikia. Bahati nzuri kitambaa kilipasuka.

Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana ambavyo vinapokea sauti na kupeleka habari kwa ubongo. Makelele ya kila siku inaviua, na vikikufa haviote tena. Dawa hakuna. Na kwa sababu haiumi, mtu anasema tu "nimezoea".

Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Mpaka ni 85 kwa saa 8 za kazi. Zikiongezeka 3, saa zinakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15 tu. Tronsoneze ya kukata miti inafika karibu 110. Hapo hata dakika 2 ni nyingi. Hamna chombo cha kupima? Simama mita moja na mwenzako. Kama lazima upaaze sauti ndipo asikie, mpaka umepitwa.

Muanze na mashini yenyewe. Silansie iliyotoboka itengenezwe, bomba la moshi litoke nje, bulo zikazwe. Mizani na wamama wenye watoto mgongoni wahamie mbali: nje, mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili, desibeli 6 zinapungua. Mashinisti wawe wawili, wapokezane.

Kisha bushoni za masikio. Unawe mikono kwanza, vumbi ya pumba ni mbaya. Viringisha bushoni ya sponji mpaka iwe nyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, ingiza, shikilia mpaka ivimbe. Pamba ya kawaida haisaidie sana. Kaske ya masikio ni bei zaidi lakini inadumu.

Koperative inayolipa mashinisti ni mwajiri, na Kodi ya Kazi ya 2002 inamdai mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Basi komite iandike bushoni katika hesabu ya mashini, pamoja na mazuti na mkanda.

Katika hangari ile mizani sasa iko chini ya muembe. Mashinisti mwenyewe aliomba alama moja: mikono miwili ikipishana juu ya kichwa, anazima bila kuuliza.