Bendi ya Harusi Mbele ya Watu wa Sayari za Mbali

Barua imetoka Korogwe. Mwandishi ni mpiga gitaa la solo, tena kiongozi wa bendi ya watu sita inayopiga harusi na sherehe za shule kati ya Korogwe na Handeni. Bendi hiyo imealikwa Nairobi, Ijumaa hadi Jumapili, kwenye mkutano wa wapenzi wa hadithi na filamu za kubuni za sayansi na njozi. Huko watu huja wamevaa kama wanaanga, mazimwi na malkia wa sayari ambazo hazipo. Waandaaji wanatoa malazi na chakula. Nauli na malipo hawakuvitaja, wamesema tu kwamba bendi itajitangaza.

“Shikamoo Shangazi,” anaandika. “Jumamosi hiyohiyo tuna harusi Handeni na advansi tumeshakula. Mwimbaji wetu, mzee ninayemheshimu sana, amesema hapandi jukwaani mbele ya watu waliovaa kishetani. Vijana nao wanataka tuache nyimbo zetu, tujifunze za sinema na tushone nguo za kung’aa. Nimebanwa pande zote. Nifanye nini?”

Marahaba. Shangazi anaanza na harusi, maana hiyo haihitaji mjadala mrefu. Kiongozi aende Handeni mwenyewe, asipige simu, na afuatane na mtu mzima. Amkabili mwenye shughuli akiwa tayari na bendi nyingine iliyokubali kupiga kwa bei ileile. Akiruhusiwa, ashukuru. Mwenye shughuli akisema anaitaka bendi aliyoilipia, basi Nairobi isubiri mwaka mwingine. Asijaribu kuvipata vyote viwili kwa kupiga Handeni hadi usiku wa manane kisha kukimbiza gari kupitia Same, Moshi, Arusha na Namanga ili awahi jukwaa la Jumapili. Muziki wa dansi umeshazika watu kwa ajali za gari: Salim Abdullah wa Cuban Marimba mwaka 1965, Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979. Hakuna onyesho linalostahili kuongeza jina katika orodha hiyo.

Kwa mzee, lugha iwe ya adabu, na kiongozi asimwendee na hoja za ujana. Amkumbushe mambo anayoyajua. Shaaban Robert, Mwislamu aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliandika Kusadikika kilichotoka mwaka 1951. Nchi ya kitabu hicho iko angani, na mmoja wa wajumbe wake hutumwa mbinguni. Mwaka uliofuata kikatoka Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani. Kimesomwa shuleni na wazazi wamekifurahia, wala hakuna aliyesema mwandishi wake anaabudu majini. Wanaokwenda kwenye mikutano ile wanafanya jambo la ukoo huohuo. Mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi hizi ulifanyika New York mwaka 1939, ukahudhuriwa na watu wapatao 200, na tayari wawili kati yao, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, walikuja wamevaa nguo za watu wa siku zijazo. Lilikuwa vazi la mchezo, kama la mwigizaji jukwaani, na halikuhusu ibada yoyote.

Mzee akisikiliza yote hayo na bado moyo wake ukakataa, aachwe abaki nyumbani kwa heshima zote, na mgao wake wa harusi zijazo usiguswe. Dhamiri ya mtu wa umri ule hailazimishwi kwa sababu ya onyesho la siku tatu.

Sasa vijana. Hapa ndipo Shangazi anapotaka kukaa, kwa sababu wako karibu kuitupa mali yao wenyewe. Watu wa mkutano ule wanazijua nyimbo za sinema kuliko bendi yoyote ya Korogwe itakavyozijua, na wakizitaka wanazo kwenye simu. Wasichonacho ni gitaa la solo na la rithimu yakijibizana, na chemko linaloinua ukumbi mzima. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapiga na Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakawa Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika. Wakenya waliwapenda kwa rumba yao ya Kiswahili, na bendi iliyobadili muziki wake ili ifanane na wenyeji isingepata mapenzi yale. Wala mji wa Tanga haukusubiri mtu wa nje aulete karibu na sayansi: Atomic Jazz ilianzishwa huko mwaka 1954, na jina lake ni la zama za atomu.

Hadithi nazo zipo, tena ziko mlangoni kwao. Nani katika bendi hii hajawahi kusikia habari za Mbegha? Alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia ya chini, na ndugu zake wa Nguu wakamwona ni nuksi, wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake, akawinda nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, akagawa nyama kila alipofika, hadi Wasambaa wakamfanya mtawala wao Vugha, na watawala wa ukoo wake wakaitwa Simba Mwene. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi, na wamisheni wa Magila, karibu na Muheza, wakakichapa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Mtoto aliyekataliwa kwa sababu ya alama ya mwilini, anayekimbilia milimani na kuwa mfalme huko: wapenzi wa njozi watakaa kimya kumsikiliza. Bendi itunge wimbo mmoja wa Mbegha, tumba zianze na mapigo ya ngoma ya selo ya Wazigua, kisha magitaa yaingie kwa mdumange wa Wasambaa. Huo ndio uwe wimbo wao mkubwa wa safari.

Nguo za kung’aa Shangazi hazikatazi. Sun Ra, mpiga piano wa jazz wa Marekani, alivaa majoho ya Misri ya kale na kusema ametoka sayari ya Zohali, huku muziki wake ukibaki jazz yake mwenyewe. Vijana washone wanachotaka, mradi mazoezi ya nyimbo yatangulie safari ya kwa fundi cherehani.

Kuhusu malipo, kujitangaza hakulishi watu sita. Ni kweli kwamba mikutano mingi ya namna hii huendeshwa na watu wanaojitolea, hivyo fuko linaweza kuwa dogo kwa dhati. Kiongozi aombe mambo haya kwa maandishi: nauli ya kwenda na kurudi ilipwe kabla ya kuondoka, posho ya kila mwanamuziki itajwe kwa tarakimu, wapewe meza ya bure ya kuuza fulana na nyimbo zao, na wapate nakala ya video ya onyesho. Nauli ikikataliwa, asiende. Aulize pia muda wa jukwaa. Bendi iliyozoea kupiga hadi alfajiri itapata taabu ikipewa dakika 45, na wimbo wa dakika 12 utakula zaidi ya robo ya muda huo kabla hadhira haijaizoea sauti ya mwimbaji.

Yabaki makaratasi, na haya yaanze wiki hii. Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Kibali cha kutumbuiza nje ya nchi kinaombwa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Waandaaji ndio wanaopaswa kuwaombea wageni wao pasi maalumu ya kazi ya muda mfupi nchini Kenya, kwa hiyo wakumbushwe mapema. Magitaa, spika na ngoma viorodheshwe pamoja na namba zake, na orodha ionyeshwe kwa watu wa forodha Namanga wakati wa kutoka, ili wakati wa kurudi kusiwe na swali vilinunuliwa wapi.