Kwenu ni Wapi? Mafunzo ya Safari ya Washona wa Kenya

Utangulizi

Abiria atokaye Thika kwenda Nairobi hupita Ruiru, kisha Githurai. Huenda jirani aliyeketi naye garini ni Mshona, ingawa Kiswahili chake hakimtambulishi. Swali "Kwenu ni wapi?", ambalo Wakenya wengi hulijibu bila kufikiri, kwake ni zito. Akitaja Githurai, huulizwa tena: "Kwenu hasa?" Makala haya yanachunguza mafunzo ayapatayo Mshona wa Kenya anapozuru Zimbabwe, nchi ya mababu zake.

Usuli

Washona walifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakiwa waumini wa Kanisa la Gospel of God, ambalo chimbuko lake ni mahubiri ya Johane Masowe huko Rhodesia katika miaka ya 1930. Walijulikana kwa useremala na ususi wa vikapu. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, hawakuingizwa katika uraia. Watoto na wajukuu wao walizaliwa na kukulia nchini bila kitambulisho. Asiye na kitambulisho hapati pasipoti, na asiye na pasipoti hawezi kuyazuru hata makaburi ya wazee wake.

Mnamo Desemba 12, 2020, serikali ilitangaza kuwatambua Washona 1,670 kuwa raia, nao wakapewa vyeti mwaka wa 2021. Kinaya ni kwamba wengi wao iliwabidi kwanza wawe Wakenya ndipo waweze kwenda Zimbabwe kihalali.

Mafunzo ya Lugha

Chukulia mjukuu wa Githurai anayeshuka Harare akiwa na Kishona cha kuungaunga. Kiswahili kitamfaa. Ngeli atazitambua: munhu na vanhu ni mtu na watu, chinhu na zvinhu ni kitu na vitu. Hata hivyo, ufanano huo una mitego. Katika Kishona, kutenda ni kushukuru, nako kutenga ni kununua. Anayedhani kwamba undugu wa lugha unamwondolea haja ya kujifunza atapotoka.

Aidha, atajifunza kwamba istilahi za ukoo hubeba wajibu. Sekuru ni babu, na pia ni kaka wa mama, watu ambao Kiswahili huwatenganisha kwa maneno babu na mjomba. Tete, yaani shangazi, ana kauli katika masuala ya ndoa. Kadhalika, wenyeji watataka kujua mutupo wake, yaani ishara ya ukoo, kama vile Shumba, maana yake simba. Mutupo hurithiwa kwa baba. Hivyo, aliyezaliwa Githurai anaweza kupata ndugu papo hapo, mradi wazazi wake walimfundisha neno hilo moja. Asipolijua, pasipoti itamvusha mpaka lakini haitamfikisha kwa jamaa zake.

Hitimisho

Methali "Mkataa kwao ni mtumwa" aghalabu hutumiwa kumsuta asiyerudi alikotoka. Lakini tulichunguze neno kwao. Limeundwa kwa kiambishi cha mahali, ku-, na kimilikishi -ao, cha watu wengi. Kwa hiyo, kwao si ardhi tupu. Ni mahali penye watu wa mtu. Mshona anaweza kuwa na watu wake Zimbabwe na wengine Githurai, asiwe amekana upande wowote.

Wazee waliokuja katika miaka ya 1960 wanazidi kupungua. Kila anayefariki huondoka na majina ya koo, njia za safari na Kishona cha zama zake. Wanafunzi wa Kiswahili wapandao magari ya Thika kila siku hawana budi kuteremka Githurai, wawasikilize na kuyahifadhi masimulizi yao. Safari ya mjukuu kuelekea Zimbabwe huanzia kwenye maneno ya babu aliye Githurai.