JOSTIKI INAYOHISI NGUVU: NDUGU YA MIZANI YA CHAI

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya umeme na ufundi. Hebu tujaribu tuone.

Jostiki ni nini?
Ni kile kijiti cha kuongozea ndege kwenye kompyuta, katika programu za kuigiza urubani kama FlightGear, ambayo haiuzwi. Jostiki ya kawaida ina potenshiomita mbili: moja ya mbele na nyuma, nyingine ya kushoto na kulia. Potenshiomita ni kama kifundo cha sauti cha redio. Si unajua redio kuukuu inavyokwaruza ukizungusha kifundo chake? Basi jostiki ikichakaa nayo huwa vivyo hivyo: mkono umetulia, ndege inatetemeka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa jostiki kuukuu ya rafiki yangu, tukaamua kuiboresha.

Iko njia nyingine, nayo ni kupima nguvu ya mkono badala ya mwendo wa kijiti. Ndege ya kivita F-16, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974, ilitumia njia hiyo. Mwanzoni kijiti chake hakikusogea hata kidogo. Marubani hawakukizoea, maana mkono haukujua umesukuma kiasi gani, ndipo kikafanywa kisogee kidogo sana.

Nguvu hupimwaje?
Hapa sisi watoto wa wakulima wa chai tunakaribia nyumbani. Ndani ya mizani ya elektroniki mna kipande cha metali kiitwacho seli ya mzigo. Juu yake zimegandishwa nyuzi nyembamba mno. Gunia likitundikwa, kipande hicho hupinda kiasi ambacho jicho halioni, na nyuzi huvutika. Uzi ukirefuka na kuwa mwembamba zaidi, ukinzani wake wa umeme huongezeka. Ujanja huu waliugundua Edward Simmons na Arthur Ruge huko Marekani mwaka 1938, kila mmoja kivyake. Ruge alikuwa akichunguza jinsi tetemeko la ardhi linavyotikisa matangi ya maji. Nayo kanuni ya Hooke tuliyosoma kidato cha pili inasema mzigo ukiwa maradufu, kupinda nako ni maradufu, mradi tusivuke kikomo cha unyumbufu.

Hatua za kufuata
1. Tafuta seli mbili za mzigo za kilo 5. Sisi tulizitoa kwenye mizani mbili za jikoni zilizovunjika vioo.
2. Zifunge kwa boliti, moja ipinde mbele na nyuma, nyingine kushoto na kulia. Kijiti kiwe kifupi, kwa sababu kijiti kirefu ni wenzo na kitazipinda seli kupita kikomo.
3. Ishara ya seli ni ndogo mno, kwa hivyo kila seli ipate kikuza ishara kiitwacho HX711. Kwa kawaida hiki hutoa vipimo 10 kwa sekunde. Kwa mizani yatosha, lakini kwa ndege ni polepole. Mguu wake uitwao RATE ukiunganishwa na umeme chanya, vipimo huwa 80. Kazi hiyo alitulehemia fundi wa redio hapa sokoni Chepilat.
4. Unganisha vikuza ishara na Arduino Leonardo, ambayo kompyuta yaweza kuitambua kama jostiki.
5. Andika programu ambayo, kila ukiwasha, mkono ukiwa mbali, husoma kipimo na kukiita sifuri.

Umuhimu wa sifuri
Hatua ya tano usiipuuze. Baridi ya asubuhi na joto la mchana huweza kubadilisha kipimo cha seli. Sifuri ikihama, ndege huinama upande mmoja na hakuna aliyeigusa.

Sasa fikiria mizani ya chai. Sifuri ikishuka kwa gramu 200, na mama akapima mara 10 kwa mwezi, amepoteza kilo 2. Kwa mwaka ni kilo 24! Wala hakuna atakayepiga kelele, maana hakuna aliyeona kitu. Ndiyo sababu Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, hutaka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mimi nimemwambia mama: kabla gunia halijatundikwa, tazama namba, iwe 0. Mama hakusoma fizikia, lakini sifuri anaijua vizuri.

Nayo jostiki yetu? Ukiisukuma kidogo ndege huinama kidogo, ukiikaza huinama sana, na ule mtetemo umekwisha. Haisukumi mkono kama hewa isukumavyo usukani wa ndege halisi. Hiyo huhitaji mota. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini kijiti kirefu ni hatari kwa seli?
2. Kwa nini vipimo 10 kwa sekunde havitoshi kurushia ndege?
3. Mizani imeshuka gramu 300, nawe unapima mara 12 kwa mwezi. Unapoteza kilo ngapi?